Chapa ya Dougie Marchant

Chapa yenyewe haikuzidi punje ya mchele, lakini kwenye skrini ya ukutani ilikuwa pana kama sinia: namba 31 ndani ya duara, na duara limelika kidogo upande wa kushoto. Len Pask aliitazama, akaushika mkono wa kiti. Miaka sitini na miwili alikuwa akiogopa kuiona tena, na leo watu wamemwandikia barua ya heshima, wakamtumia teksi na kumpa chai kwa biskuti, ili aje aitazame.

"Tumeipiga picha bunduki nzima, ndani na nje," alisema Nisha Kotecha, aliyeongoza wachoraji wa gemu ya vita ya kompyuta. "Mchezaji akiifungua, atakiona hata kialama hiki. Daftari la kiwanda linasema namba 31 ni Douglas Marchant. Tunataka jina lake litokee mwishoni mwa gemu. Tunachohitaji ni wewe, Bwana Pask, uthibitishe kwamba kipande hiki cha bunduki, chenye chapa, alikichonga yeye."

Bunduki yenyewe ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kijivu, imeazimwa kutoka makumbusho. Fupi, risasi zake zinaingia nyuma ya kifyatulio, utadhani aliyeiunganisha alikuwa amelewa. Zilitengenezwa chache tu mwaka 1951, za majaribio. Kisha wakubwa wakabadili nia, na mafundi wakaambiwa wasahau. Len angesahau kwa moyo mkunjufu. Tatizo ni watu wa sinema, ambao walilipenda lile umbo la ajabu, wakalichongea mifano ya mbao na bati. Mara ikawa mikononi mwa jasusi, mara mikononi mwa askari wa sayari nyingine, mara kwenye televisheni saa ya chakula cha jioni. Jeshi halikuitaka, lakini Uingereza nzima iliijua sura yake.

Na kila ilipotokea, Dougie alitokea nayo, ingawa alikwisha kuzikwa. Alikaa kiti cha pembeni, na koti lake la kazini lenye mafuta, akitazama mbele. Mwaka 1967 Len aliinuka katikati ya filamu, akasimama ukumbini mpaka mwisho. Mkewe, Edna, alipomfuata alimwambia ni tumbo. Edna alizikwa akiamini mumewe ana tumbo bovu.

"Mjomba Len," aliita mwanamke aliyeketi ng'ambo ya meza.

Huyo alikuwa Sheila, binti wa Dougie, sasa mwenye miaka sitini na minane, mkoba umekaa magotini kama mtu anayengoja basi. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya baba yake.

"Nimekuja kwa shingo upande," alisema. "Mama hakutaka bunduki hiyo itajwe nyumbani. Niambie tu ukweli. Hiki nacho ni kibovu, kama kile kilichopasuka kwenye majaribio kikamtoa jicho yule koplo? Maana kama ni kibovu, sitaki jina la baba liandikwe popote."

Len alitazama dirishani. Dougie alikuwa pale, mgongo kwenye kioo. Jibu jepesi lilikuwepo, tena lingempendeza kila mtu: kizuri, kazi ya Dougie, andikeni. Angekunywa chai yake, arudi nyumbani na teksi.

"Ni pacha wa kile," alisema. "Vilichongwa mchana mmoja; naitambua haraka yangu kwenye chuma. Lakini si baba yako aliyevichonga. Ni mimi."

Nisha aliweka kalamu chini.

"Kiwandani kila fundi alikuwa na chapa yake ya chuma," Len aliendelea. "Ukiikopesha, unafukuzwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tulikopeshana kwa siri. Mtu akitaka kutoroka kwa muda wa saa mbili, anakuachia chapa, unamfanyia kazi yake na kuigonga. Alhamisi ile Dougie aliniachia yake. Nilikuwa na vipande vyake na vyangu. Nikaharakisha. Sikuvipima mara ya pili. Baada ya wiki tatu kimoja kikapasuka kwenye uwanja wa shabaha. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa mezani. Walisoma namba tu."

"Na baba akanyamaza."

"Akasimamishwa mbele yetu sote, akafukuzwa, akanyamaza. Akanitazama mara moja. Nami nikatazama viatu vyangu."

Sheila alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu.

"Alifagia gereji ya mabasi miaka kumi," alisema polepole. "Mama alikufa akiamini mumewe alimpofusha mtu. Tulikaa mitaa mitatu tu kutoka kwako, Mjomba Len. Mitatu. Ungeweza kuja hata Jumapili moja."

"Ningeweza."

"Mbona hukuja?"

"Woga. Nilijiambia Edna ni mjamzito, siwezi kupoteza kazi. Mimba ikaharibika, na bado sikuja."

Nisha alisema kwa adabu kwamba chapa ile inaweza kufutwa; ni kazi ya dakika moja, hakuna atakayejua.

"Usiifute," alisema Sheila. "Liandike jina la baba. Na chini yake andika kwamba mchana ule hakuwepo." Kisha akamgeukia Len, na safari hii uso wake ulikuwa wa mtoto. "Alikuwa wapi? Jirani alimwona barabarani Alhamisi moja, saa za kazi, na Mama alimuuliza mpaka akachoka, asijue kwamba ndiyo siku ya vipande hivyo. Alidhani kuna mwanamke."

Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Dougie aliyavumilia yote na kumwomba rafiki yake jambo moja tu, kwamba mtoto asijue kamwe, asije akajilaumu. Len alikuwa amejificha nyuma ya ombi hilo maisha yake yote, na sasa alilivunja.

"Ulikuwa na dondakoo," alisema. "Umelazwa katika ile hospitali ya kuwatenga wagonjwa. Wazazi waliruhusiwa kutazama kupitia dirishani, Alhamisi, saa nane hadi saa tisa. Kiwanda kilimnyima ruhusa, na siku ile mama yako hakuweza kwenda."

"Hakuja," alisema Sheila. "Nilikaa mle wiki sita. Niliwaona wazazi wa wengine. Yeye hakuja hata siku moja."

"Alikuja, mwanangu. Ulikuwa umelala. Muuguzi alitaka kukuamsha, akamkataza. Alisimama nje ya kioo mpaka kengele ikalia, halafu akarudi kunisimulia, akininong'oneza sikioni, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma."

Nisha alizima skrini bila kuambiwa. Sheila alikivuta kiti chake karibu na meza, akaisogeza bunduki kando kwa kiganja, kama mtu anayeondoa sahani.

"Nilikuwa nimelalaje?" aliuliza.