Sirinji Tupu

Pale bombani walimwita Daktari, ingawa shule aliiacha darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda kando ya bomba la mtaa tangu alfajiri, sirinji mkononi, na kumtilia kila mtu dawa ya maji, klorini, kabla hajaondoka na dumu lake. Mililita tano kwa lita ishirini, tikisa, subiri nusu saa, ndipo unywe. Bwana afya aliyemfundisha alisema kazi hiyo haimshindi mtu. Labda bwana afya hakuwa na mama.

Bomba lenyewe lilipita ndani ya mtaro wa maji machafu, limetoboka hapa, limefungwa mpira pale. Wakubwa wa maji waliahidi kulihamisha tangu Daktari ana mimba ya kwanza, na mimba hiyo sasa ilikuwa imeshaoa. Kwa hiyo watu walinung'unika, wakatania, lakini wakafungua vifuniko.

"Daktari, leo umetutilia sabuni?" aliuliza muuza mkaa, mama wa maneno mengi.

"Ndiyo, ikusafishe na huo mdomo."

Aliyemshinda ni mama yake mzazi. Bibi yule alimuuguza mumewe wiki tatu katika wodi iliyopigwa deki kwa klorini asubuhi na jioni, akilala kwenye mkeka chini ya kitanda, mpaka mzee akakata roho. Siku alipoonja maji ya dawa aliyatema.

"Hii ndiyo harufu aliyofia baba yako," alisema. "Unataka niinywe kila siku?"

"Yaache wazi kidogo, mama, itapungua."

"Wewe ndiye uniache. Nitakufa na kiu, basi."

Wahenga walimwonya mchelea mwana kulia. Mchelea mama hawakumtaja. Daktari alijua akimruhusu mmoja apite bila dawa, kesho foleni nzima itataka hivyo. Basi asubuhi iliyofuata aliingiza sirinji tupu kwenye dumu la mama, akaibonyeza, akasema kwa sauti, "Tikisa, mama." Mama akatikisa, uso mkavu kama shahidi mahakamani. Wakacheka kwa macho tu. Ikawa hivyo miezi minne, na ukweli usemwe, Daktari aliipenda siri ile. Tangu baba afe, hakuna kitu kingine kilichowachekesha wawili hao pamoja.

Mvua zikaja, mtaro ukafurika. Mama alianza kuharisha Jumanne usiku. Jumatano mchana akafa kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu, macho yameingia ndani, mkono mwepesi kama kitambaa ndani ya mkono wa bintiye.

Msiba haujaisha, maneno yakaanza. "Kama dawa haikumfaa mama wa Daktari mwenyewe," alisema muuza mkaa, tena kwa huruma, "itanifaa mimi?"

Daktari aliporudi kwenye kigoda, watu walimpa pole, wakaziba midomo ya madumu kwa viganja na kupita. Siku ya tatu hakupata hata madumu kumi. Jioni hiyo bwana afya akaja ameloa matope mpaka magotini.

"Hemani nina wagonjwa sita wa mtaa huu," alisema. "Wawili ni watoto. Ongea na watu wako. Wewe wanakusikia."

Alikwenda kwanza kwa kaka yake, mchomeleaji wa mageti, akamweleza yote. Kaka alizima mashine, akavua miwani polepole.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Ukisema, watu watasema umemuua mama." Akavaa miwani tena. "Na mimi nitasema hivyo hivyo."

Usiku ule Daktari alilia mpaka kifua kikauma. Angenyamaza, angebaki na kaka, na watu wangeendelea kumpa pole. Lakini kila akifumba macho aliwaona wale watoto wawili, ambao hata majina yao hakuyajua.

Asubuhi alilibeba dumu la mama, lile la njano lenye kifuniko cha kamba, akaliweka juu ya kigoda mbele ya foleni. Akavuta sirinji bila kuichovya kwenye dawa, akaiingiza, akabonyeza.

"Tikisa, mama," alisema. "Hivi ndivyo nilivyokuwa namtilia. Hewa. Hakuwahi kunywa dawa hata siku moja. Nyinyi mliinywa, mko hapa."

Maji ya bomba yalimwagika bure, hakuna wa kulifunga. Mwishowe muuza mkaa alifungua dumu lake, akalisogeza kwa mguu.

"Nitilie," alisema. "Lakini kwanza inua nione."

Tangu siku hiyo hawakumwita tena Daktari. Kila mmoja alisema neno hilohilo, "Inua nione," naye aliinua sirinji kwenye mwanga, wakahesabu mistari, ndipo wakafungua vifuniko. Madumu yalirudi yote. Baada ya wiki mbili bwana afya alikunja moja ya mahema ya wagonjwa.

Kaka hakumsalimia mwezi mzima. Kisha asubuhi moja akaja mwenyewe na dumu, akapanga foleni kama mgeni. Zamu yake ilipofika hakutoa salamu.

"Inua nione."

Akainua. Kaka aliitazama ile dawa ya mililita tano muda mrefu, akaitazama ikiingia majini mpaka ikaisha.

"Kumbe ni kazi ndogo hivi," alisema.

Nyuma watu walikuwa wanasubiri.

"Tikisa, kaka," alisema. "Subiri nusu saa."