Mto Ulioachwa Ukingoni mwa Ramani

Wachoraji ramani wa zamani walikuwa na desturi moja ya hovyo, na mtu aniambie kama haukuwa uvivu. Kitu kikiangukia ukingoni, pale karatasi mbili za ramani zinapokutana, huyu anasema atachora yule, na yule anasema atachora huyu. Kazi inaisha, hakuna aliyechora.

Mchoraji mmoja wa siku hizi, mama mwenye miwani ya kamba, aliligundua hilo mchana wa mvua, alipotandaza mezani ramani za pembeni mwa mji, kuukuu kwa mpya. Kwenye ile ya kale kabisa, karatasi moja pana, hapakuwa na nyumba hata ya dawa. Ni mashamba, na katikati yake mstari wa buluu: mto. Kwenye zilizofuata, mto umefika ukingoni ukayeyuka. Kwenye mpya ni viwanja tu, na barabara ya lami.

Akaweka kidole kwenye ile mpya, pale mto ulipopita zamani. Ilikuwa nyumba ya dada yake.

Dada alikuwa amehamia juzijuzi na wanawe, bado anaringia vigae vyake. Na mvua ilikuwa ikimwagika tangu asubuhi. Mchoraji akapiga simu. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Dada akacheka mpaka akakohoa. Mto gani, wakati bomba lenyewe linatoa upepo? Akamtania kwamba hayo maramani yatamtia wazimu. Mara kicheko kikakatika. Watoto walikuwa wakimwita: maji yanachipuka katikati ya vigae vya sebuleni.

"Toka, dada. Beba watoto, acha kila kitu."

Akaibana simu begani, akatafuta kwenye ramani penye mwinuko. Nyuma ya nyumba ardhi ilipanda hadi kwenye tangi la maji. Huko ndiko. Ndipo alipoitazama vizuri ile barabara ya lami. Ilipinda palepale mto ulipopinda, kona kwa kona. Waliomwaga lami walikuta njia imeshachimbwa na mto, wakashukuru.

Akapaza sauti simuni.

"Dada, usishike barabara! Pandeni kwenye tangi."

Upande wa pili mvua ilivuma, mtoto analia, dada anahema.

"Sikusikii vizuri, mdogo wangu. Lakini usihofu, tumeshafika barabarani."