Maneno Sita

Nesi aliinua kadi yenye picha ya kikombe kwa mara ya tatu. Mtoto aliitazama, akamtazama mama yake, kisha akainamisha macho.

"Sema, Mpole! Kikombe! Si unakinywea maji kila siku?" Mama alimtikisa bega. Uvumilivu ulikuwa umemwishia.

Mpole lilikuwa jina la majirani. Walilitoa kama sifa: mtoto hana usumbufu, ukimweka hapa unamkuta hapa.

"Miaka mitatu na nusu," nesi alisema huku akiandika. "Ana maneno mangapi?"

"Sita."

"Anashinda na nani?"

"Na bibi wa chumba cha jirani. Ana watoto tisa wa watu, na magoti yake mabovu. Anawapanga ukutani mpaka jioni."

"Na wewe kazi yako?"

"Yaya."

Kalamu ya nesi ilisimama. Mama aliona afadhali angetukanwa.

Kule kazini alikuwa kasuku. Siku ya kwanza bosi alimwambia, "Dada, mwongeleshe mtoto. Kila unachofanya, mwambie." Basi kutwa alimwambia: tunamenya karoti, tunafunga kifungo, tazama lile wingu. Binti yule wa bosi, mdogo kwa Mpole kwa miezi miwili, juzi aliuliza kwa nini kivuli hakilowi mvua. Yaya alicheka hadi machozi, akaenda kuwahadithia majirani kama vile amemzaa yeye. Kisha akaingia chumbani kwake, koo limekauka, akampakulia Mpole chakula. Kula. Nyamaza. Lala.

"Uwe unaongea naye," nesi alishauri. "Haigharimu kitu."

"Haigharimu kitu!" Kicheko kilimtoka, kikavu. "Nesi, mimi nalipwa kwa kuongea. Maneno yangu yana mwenyewe. Huyu namletea makapi."

Nesi alimpa karatasi. Mtaalamu wa usemi angekuja baada ya miezi minne, akipatikana.

Nje, mama alitembea kwa hasira, akimburura mtoto. Miezi minne! Mpole akasimama ghafla, shingo juu. Mtu alikuwa kwenye ngazi, anapaka ukuta wa zahanati.

"Nini tena? Anapaka rangi yule." Mama alishusha pumzi. "Ya kijani. Anachovya brashi, unaona? Inadondoka, ile..."

Sauti ilimshtua mwenyewe. Ilikuwa ile ya kazini, laini, ambayo hakuwahi kuileta nyumbani.

Simu ikaita.

"Dada, najua leo ni siku yako ya mapumziko," bosi alisema. Nyuma yake mtoto analia. "Amegoma kula. Msimulie kidogo tu, hata kwenye simu."

Mama alitazama chini. Mpole alikuwa ameshika upindo wa gauni lake.

"Samahani, bosi," mama alisema. "Kuna mtu naongea naye."

Akakata. Mpole aliuvuta upindo, akanyoosha kidole kwenye ngazi, akamkazia macho, akingoja.