Kidole Gumba cha Mwalimu

Verlin Combs alikuwa hasikii. Si kiziwi wa kuitwa akapita. Ukisimama mbele yake ukasema, alikupata, nusu kwa sikio na nusu kwa kuitazama midomo yako. Lakini sauti ndogo zilikuwa zimemhama zamani. Mshale wa saa ya ukutani, mvua ya rasharasha, paka akilia mlangoni. Na ile ndogo kuliko zote, tu, tu, tu, ya damu mshipani wakati mkanda wa presha unapolegezwa, hiyo hakuwahi kuisikia hata siku moja.

Na bila hiyo huwi muuguzi.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia chini ya milima ya Kentucky, Marekani, katika mgodi wa makaa ya mawe, akipigilia vyuma darini ili mwamba usiwaangukie wenzake. Mgodi ulipofungwa, wanaume wa bonde lile walitawanyika. Wengine waliendesha malori, wengine walikaa barazani wakaanza kuoza. Verlin alikwenda chuo cha jamii, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, akakaa kiti cha mbele kati ya wasichana wa rika la binti yake, akasoma mifupa, misuli, dawa na vipimo vyake. Mkewe Oneda alimsikiliza akikariri huku yeye anakoroga maharage.

"Niliolewa na mchimba makaa," alisema, "sasa nalala na kamusi."

Karatasi zote alifaulu. Ilibaki presha.

Mtihani huo unafanywa kwa stetoskopu, chombo cha kusikilizia mapigo, yenye shina moja na matawi mawili. Mwanafunzi anatia tawi moja masikioni, mwalimu jingine, wanasikiliza pamoja, kisha kila mtu anatoa namba zake. Zikipishana zaidi ya nne, umeanguka. Ukianguka mara tatu, unatolewa kwenye kozi. Verlin alikuwa ameanguka mara mbili. Leo, saa nne asubuhi, ilikuwa ya tatu.

Zipo stetoskopu za betri zinazokuza sauti, na aliomba moja. Mama wa ofisi ya wanafunzi walemavu, mtu mpole, alimwambia alete cheti chochote kinachoonyesha kwamba masikio yake yameharibika. Daktari wa masikio alikuwa na nafasi Desemba, na huu ulikuwa Oktoba. Basi Verlin akaandika kuomba kumbukumbu zake za mgodini, maana kampuni ilikuwa inawapima masikio kila mwaka. Zilikuja ndani ya bahasha nene. Alizisoma amekaa garini. Karatasi kumi na tisa, na zote zinasema neno moja: huyu anasikia kama kijana wa miaka kumi na minane.

Zilisema hivyo kwa sababu alidanganya. Wote walidanganya. Aliyeonekana hasikii alitolewa kwenye mashine akapelekwa juu kufagia, kwa mshahara wa kufagia. Kwenye kibanda cha kipimo kulikuwa na kidirisha, na mpimaji alikaa upande wa pili akibonyeza kitufe cha kutoa mlio. Usisikilize mlio. Tazama bega lake. Bega likicheza, bonyeza chako. Hayo alifundishwa wiki yake ya kwanza na Burl Napier, mkubwa wake kazini, na akayashika kuliko aliyemfundisha.

Sasa alirudi kwenye hila ile ile, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Siku ya jaribio la pili alikuwa amegundua jambo. Mwalimu Fugate, mama anayewapa mtihani huo, ana uso kama ukuta, lakini husikiliza ameshika kalamu. Mlio wa kwanza ukija, kidole gumba chake hubana ile kalamu. Mlio ukikatika, kidole hulegea. Mwenyewe hajui. Siku ile Verlin aliona akiwa amechelewa. Leo alikuja kutazama.

"Leo hampimani wenyewe kwa wenyewe," Mwalimu Fugate alimwambia mlangoni. "Tumeleta wazee wa kujitolea. Kila mtu mikono yote miwili."

Kitini alikuwa amekaa Burl Napier. Miaka sabini na mitatu, mrija wa oksijeni puani, mtungi wake miguuni, mapafu yamejaa vumbi la makaa.

"Kumbe daktari mwenyewe ndiye huyu," Burl alisema. "Mwalimu, huyu niliwahi kumwona akifunga kidonda changu kwa utepe wa nyaya za umeme."

"Ulipona, mzee," Verlin alisema.

"Nilipona kwa ubishi."

"Jamani," Mwalimu Fugate alisema, "mtihani."

Verlin alinawa mikono, akafunga mkanda mkono wa kulia wa Burl, akajaza upepo. Akaanza kuulegeza polepole. Jicho moja kwenye mshale, jicho moja kwenye kalamu. Mia na sabini. Mia na sitini. Kidole kikabana. Mia na arobaini na sita. Mshale ukateremka, ukateremka. Kidole kikalegea.

"Mia na arobaini na sita, chini themanini na nane."

Mwalimu Fugate alitazama alichoandika, akamtazama na yeye. "Mimi nina mia na arobaini na nane, themanini na nane. Vizuri sana, Verlin. Mkono wa pili tumalize."

Verlin akaufungua mkanda. Alipoinua uso akakutana na macho ya Burl, na Burl hakuwa anacheka tena. Alikuwa akiyafuata macho ya Verlin yalikotoka, mpaka kwenye kalamu.

Mkanda ukahamia kushoto. Verlin akajaza upepo. Mshale ulipoanza tu kuteremka, Burl aliunyosha mkono wake wa kulia, akaufunika wa mwalimu, kalamu, kidole na yote.

"Nishike kidogo, mama. Kizunguzungu."

"Tusimamishe?"

"Hapana. Mwache amalize."

Hakuwa na kizunguzungu. Alikuwa anamtazama Verlin kavukavu.

Verlin akasikiliza. Pamba tupu. Akafanya kama walivyofanya mgodini, ambako mtu hugonga dari kwa mtaimbo huku kiganja cha mkono wa pili kimeegemea mwamba, maana kiganja husikia ufa ambao sikio halisikii. Aliweka vidole juu ya mshipa wa kifundo cha mkono. Mia na arobaini na nne, pigo la kwanza likamgonga. Namba ya juu akaipata. Lakini ya chini haitolewi na vidole. Mshipa uliendelea kupiga vile vile, haukumwambia lolote, mpaka mshale ukafika sifuri.

"Namba zako," Mwalimu Fugate alisema.

Themanini na nane alikuwa nayo tayari. Damu ya mtu haigeuki kwa dakika tano. Angeisema tu, na pengine angepita, na jioni angemwambia Oneda.

"Sema, kijana," Burl alisema. "Sema ulichosikia."

Midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya zabibu. Verlin akavua stetoskopu.

"Sijasikia kitu."

"Mkono huu?"

"Mikono yote. Tangu siku ya kwanza. Ile namba nyingine nilisoma kidole chako, mwalimu. Kinabana kalamu."

Mwalimu Fugate alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Hili ni jaribio la tatu, Verlin."

"Najua, mama."

"Karatasi hizi zinakwenda ofisini saa kumi. Saa kumi nitaandika nilichokiona. Kabla ya hapo, ukiniletea kitu chenye muhuri, nitakisoma. Zaidi ya hapo sina."

Nje, kwenye korido, Verlin alimsubiri Burl aburute mtungi wake mpaka karibu.

"Umeniua. Nilikuwa nimepita."

"Ulikuwa umepita."

"Lile fungu la fedha za kusomesha wachimbaji linaisha Krismasi. Nikitoka leo sirudi tena. Nina nyumba, Burl. Nina Oneda na sukari yake. Nikafanye nini, nikauze soksi?"

"Mwezi uliopita nililazwa," Burl alisema. Alikuwa anasema kwa vipande, pumzi katikati ya kila kimoja. "Akaja muuguzi. Akaweka kile chuma mgongoni. Anazungumza na mwenzake habari za harusi. Akaandika, safi. Siku ya pili yake wakaninyonya maji kwenye pafu, nusu ndoo. Hila ile nilikufundisha upate kula. Sikukufundisha uje unisikilizie kifua."

Ulikuwa ukweli, na ukweli haulipi nyumba.

"Yule mama wa vyeti yuko wapi?" Burl akauliza.

"Juu. Anataka karatasi, na zangu zinasema nasikia kama popo."

"Basi ataandika maneno yangu. Nitamwambia tulivyofanya, na nani aliyekufundisha, na nitatia sahihi."

"Una kesi ya mapafu na kampuni. Wanasheria wao wakiona umetia sahihi kwamba ulikuwa unadanganya vipimo, itakuwaje?"

"Watasema mimi mwongo." Burl akaurekebisha mrija puani. "Mke wangu ameyasema hayo miaka arobaini na bado ananipikia. Shika mtungi."

Jengo lilikuwa la zamani, lifti yake imeharibika. Walipanda ngazi tatu, wakapumzika. Tatu, wakapumzika. Verlin alibeba mtungi kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka mgongoni mwa mzee kumsukuma, na chini ya kiganja alihisi kifua kinakwaruza kama changarawe ndani ya debe. Hilo alilisikia vizuri sana.

Burl alisema neno, uso umeelekea juu.

"Nini?"

Burl akageuka, akamwelekezea midomo aisome. "Ukipata hiyo ya betri, wa kwanza kusikilizwa ni mimi."

"Na nisipopata?"

Burl akageukia ngazi tena. Pumzi aliyokuwa nayo ilitosha ngazi tatu, na zilibaki kumi na moja.