Kunde Yenye Matundu Mawili

Kisa hiki nilisimuliwa na mjukuu wangu wa kike Jumapili iliyopita, tukimenya viazi jikoni, na kilimpata yeye mwenyewe.

Binti huyo anasomea udaktari, lakini si ule wa sindano. Anasoma namna madume na majike wanavyotafutana na wanavyoumizana. Wadudu wake ni fukusi wa kunde. Dume la fukusi lina miiba pale pa siri, na kila likipanda humchubua jike ndani. Jike naye hurusha mateke mpaka aachiwe. Binti alitaka kujua kama madume wenye miiba mirefu ndio wanaozaa zaidi, na jike hupata hasara gani.

Kwa hiyo alihitaji majike wanawali. Fukusi hutaga juu ya kunde, na mtoto hukulia ndani mpaka atoboe tundu la kutokea. Kila kunde yenye yai moja aliitenga kwenye kichupa chake, jike akitoka humo amhamishe, kunde atupe. Lakini mara tatu wanawali hao walitaga, na mayai yakaanguliwa, kabla hawajapewa dume. Profesa wake akamwambia, kwa upole lakini akamwambia, kwamba asipolijua kosa kabla ya mwisho wa mwezi, kazi hiyo inafutwa. Na bila hiyo hakuna udaktari. Binti akakonda, usingizi ukamhama.

Asubuhi moja mfagizi wa jengo, mama mtu mzima, akaingia na ndoo yake, akamkuta analia kimyakimya. Akavuta kiti. Mfa maji hukamata maji, binti akamweleza yote. Mfagizi aliposikia habari ya mateke alicheka, akasema angekuwa yeye angempiga kwa miguu yote sita.

Kisha akaokota kunde moja, akaiviringisha kiganjani kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hizi unazichambua zikiwa zimelala?"

"Naziangalia kwa hadubini, mama. Yai linaonekana wazi, doa jeupe."

"Hapo juu, sawa. Na tumboni? Kunde haichambuliwi bila kugeuzwa."

Akaigeuza, na chini palikuwa na doa la pili, yai jingine. Binti akakimbilia kopo la kunde zilizotupwa. Nyingi zilikuwa na matundu mawili. Mfagizi akapasua moja kwa ukucha, na ndani, amejikunyata, dume mkavu. Kumbe usiku ndugu wawili walitoka nyumba moja, wakajuana, na taa ilipowashwa asubuhi dume akarudi tunduni kujificha.

"Mgoni huyo," akasema mfagizi. "Wote hukimbilia uvunguni."

Profesa alipoitwa aliigeuza kunde mara nyingi. Mwisho akavua miwani.

"Kazi inaendelea. Asante sana, mama. Mimi nimeziangalia zikiwa zimelala miaka ishirini."

Mjukuu wangu alitaka kushukuru naye. Basi akamwomba mama huyo akae amfundishe mkono ule wa kuviringisha, na alipoujua, akachukua ndoo na fagio akasafisha korido nzima, ngazi mpaka ngazi, huku mwenye korido, yule mama, ameketi kwenye kiti cha hadubini anageuza kunde na kumkosoa kupitia mlangoni kwamba pembeni ameruka.

Binti alifika nyumbani jua bado lipo, mikono inanuka sabuni. Akakaa kitandani avue viatu. Akavua kimoja, akalala.