Ndugu wa Nyumba Haruhusiwi

Kama hujawahi kuona mwanaume mwenye tumbo lake akijitupa nyuma ya kaunta ya bia kwa sababu mama mkwe wake ameingia mlangoni, basi hukuwepo mjini Baraka Jumapili ile. Pole sana, ulikosa.

Mwanaume mwenyewe ni Bonaventure, Bona kwa watu wote, mwenye Casino Bonheur. Tuseme ukweli: casino hiyo ni nyumba ya mabati yenye meza tatu, jenereta moja, na picha ya karata iliyochorwa ukutani na mtu ambaye nadhani hajawahi kushika karata. Lakini Bona alitaka makubwa. Akatangaza mashindano ya vingt-et-un, ule mchezo wa kuvuta karata ukitafuta ishirini na moja, ukipita umekufa. Zawadi: kongelateri mpya, friji ya kugandisha, nyeupe, na panneau yake ya umeme wa jua juu.

Mama Pulchérie wa kijiji cha Lweba alipoisikia habari hiyo, usingizi ulimruka. Yeye anauza mikeke, wale samaki wa ziwani. Samaki wanafika alfajiri, na ikifika saa sita mchana wanunuzi wa Baraka wanakuja wakitembea polepole, mikono mfukoni, maana wanajua samaki hana subira. Mwezi uliopita alimwaga beseni nzima. Mbwa wa Lweba walinenepa, yeye akakonda. Mwenye kongelateri hamwogopi mnunuzi anayetembea polepole. Ndiyo maana aliitaka, na aliitaka vibaya sana.

Na karata alikuwa anazijua! Kwenye matanga ya shemeji yake, wanaume walipomwambia wanacheza kwa vifungo vya shati, alikaa nao mara moja tu, na watu sita walirudi kwao wameshika mashati kwa mkono. Siri yake ilikuwa ndogo: karata ikishatoka, haisahau. Bona alikuwepo matangani, wakati huo bado hajawa mkwe wake. Shati lake ni mojawapo ya yale sita.

Sasa kibao cha mashindano kilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, kila mchezaji alete vifuniko kumi vya bia ya Casino Bonheur. Mama Pulchérie ni mwimbaji wa kwaya ya bamama kwa Waprotestanti, bia haigusi, lakini nani kasema vifuniko lazima uvinywe? Aliviokota nyuma ya nyumba, akaviosha kwa majivu. Ya pili, mchezaji awe na karata ya mpiga kura, kitambulisho cha raia, ya eneo la Fizi. Alikuwa nayo. Ila Jumamosi jioni, baada ya binti yake Nadège, mke wa Bona, kuropoka kwamba mama anakuja, ikaongezwa ya tatu, kwa wino mwingine kabisa: Ndugu wa nyumba haruhusiwi kucheza.

Jumapili, ibada ilipoisha, Mama Pulchérie aliingia na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Bona akazama nyuma ya kaunta. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, haketi naye meza moja, na maneno yao yanapita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu siku hiyo alikuwa Muwalimu Casimir, mwalimu mstaafu aliyewekwa kuwa mwamuzi, miwani yake imefungwa uzi.

"Muwalimu," sauti ya Bona ikatoka nyuma ya kaunta, uso kwa ukuta, "muambie mama pale, ye ni ndugu ya nyumba. Kanuni ya tatu."

"Muwalimu," Mama Pulchérie akajibu, "muambie mukwe pale, hii kanuni ilizaliwa jana jioni. Hata kitovu haiyakauka."

Watu wakacheka. Lakini walimcheka yeye pia, ndilo lililomuuma. Kijana mmoja alisema, "Hiyo ni kanuni ya mama-mukwe!" na nyumba nzima ikapiga meza. Casimir akanyoosha mikono kama mtu asiye na la kufanya. Sheria ni sheria. Mama Pulchérie akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, masikio yakimwaka moto, na vifuniko vyake kumi vikilia ndani ya mfuko. Alikuwa na aibu, tena aibu ile ya kuondolewa mbele za watu.

Akakaa. Akapumua. Kisha akauliza kwa sauti tamu, ile sauti ambayo Lweba nzima inaikimbia.

"Muwalimu, iyo kanuni iko ya mama-mukwe peke, ao ya bandugu bote?"

"Ya bandugu bote, Mama."

"Aksanti. Endelea tu, baba."

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bertin. Na hapa nikwambie jambo ambalo hata kuku wa Baraka walilijua: Bertin ndiye aliyepangwa kushinda, ili kongelateri itoke kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa nyuma, bia ya Bona ipoe. Kazi ya Bona ilikuwa kumwonyesha ishara akigawa karata upande wa pili wa meza. Akikuna sikio, vuta. Akikuna pua, acha.

"Bertin," Mama Pulchérie akasema, "mama yako ni nani?"

"Mama Espérance."

"Espérance na baba ya Bona, balinyonya ziwa moja ao hapana?"

Mtu akakohoa. Casimir akavua miwani, akaivaa, akachukua kalamu ya bic nyekundu akapiga mstari kwenye jina la Bertin.

Sasa ndugu yangu, kosa la Bona ulione. Kuandika kanuni ya undugu Fizi! Huku kwetu watu wawili wakikutana njiani, kabla ya salamu kuisha wameshapata bibi mmoja. Tena Bona mwenyewe, kwa ajili ya biashara, hana mteja. Ana bayomba, bashemeji na bandugu. Mama Pulchérie aliwachambua mmoja mmoja, ameketi pale pale benchini. Huyu bibi yake alitoka ukoo wa babu ya Bona. Huyu Bona alimsimamia ubatizo. Huyu asubuhi hii hii, mbele ya watu, Bona kamwita muyomba, na mjomba ni ndugu ao si ndugu? Majina kumi na tano yakapigwa mstari. Bic ya Casimir ikaanza kukauka.

"Na Muwalimu mwenyewe!" Mama Pulchérie akasema.

"Mimi? Mimi sina undugu na hii nyumba!"

"Uliposa dada mukubwa ya Bona."

"Walinikataa, Mama! Mji wote unajua walinikataa!"

"Wewe balikukataa. Mbuzi yako balikubali. Balirudisha mbuzi?"

Mbuzi hakurudishwa, na mbuzi aliyeliwa ni undugu, hilo hata mtoto anajua. Nyumba ikalipuka kwa kicheko, wengine wakalala chini. Nyuma ya kaunta mtu alikuwa anagonga paji la uso kwenye kreti.

Likabaki jina moja tu. Cassilde, mkimbizi wa Burundi kutoka kambi ya Lusenda, mkulima, ndiye aliyeleta yale maharagwe ya kuchezea: kila mchezaji alipewa maharagwe ishirini ya kuweka mezani. Alikuwa amesimama mlangoni na vifuniko vyake kumi. Undugu na Bona hana hata wa kuazima. Lakini karata ya mpiga kura ataitoa wapi? Kanuni ya pili ikamfuta. Mashindano yakabaki na kongelateri moja na wachezaji sifuri.

"Tulikunywa bia bure?" mtu akapiga kelele.

"Bona! Rudisha chupa zetu zikiwa zimejaa!"

Meza zikaanza kutikisika. Sauti ya Bona ikatoka, nyembamba. "Muwalimu, muambie mama pale, kanuni ya tatu imeondoka. Aingie."

Hapo ndipo Mama Pulchérie alipolewa sifa, yeye asiyekunywa. Alisimama, akafunga kitenge upya, akawatazama watu wote waliomcheka.

"Muwalimu, muambie mukwe pale, mi siingie peke kama mwizi. Aondoe na ya pili. Mlango ukifunguka, unafunguka kwa bote. Huyu dada wa maharagwe naye acheze!"

Watu wakapiga makofi. Cassilde akainamisha kichwa kushukuru. Ukimuuliza Mama Pulchérie leo atakuambia aliongozwa na haki, lakini mimi nakuambia nusu yake ilikuwa haki na nusu ilikuwa maringo. Mkulima wa maharagwe angemfanya nini?

Bona akakubali kutoka nyuma ya kaunta, na wote waliopigwa mstari wakarudi. Wakacheza. Casimir ndiye aliyegawa karata na kila mtu akacheza dhidi yake, kwa maana Bona angegawaje karata kwa mama mkwe? Na kwa kuwa alilazimika kutazama ukuta, alikuna sikio, akakuna pua, akakuna mpaka shingo, yote kwa kubahatisha. Bertin alimfuata kwa utii wote, na kwenye mkono wa nne wa karata maharagwe yake yalikwisha. Wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Kufika saa tisa, mezani walibaki wawili: Mama Pulchérie na Cassilde.

Mkono wa mwisho, na mwenye maharagwe mengi ndiye mshindi. Mama Pulchérie ana maharagwe thelathini na moja, Cassilde ishirini na nane. Mama Pulchérie alikuwa anazihesabu karata kichwani kama mikeke ndani ya beseni, na alijua zilizobaki nyingi ni za kumi. Akaweka maharagwe matano tu, kwa busara. Cassilde akatazama rundo lake kidogo, akalisukuma lote mezani.

"Huyu amechoka, anataka kurudi kambini," mtu akanong'ona.

Mama Pulchérie akapata kumi na tisa. Akaacha. Cassilde akapata kumi na mbili, mkono mbovu. Karata ya Casimir iliyo wazi ilikuwa sita.

"Vuta!" watu wakamwambia Cassilde. "Kumi na mbili unafanya nayo nini? Vuta, mama!"

Cassilde akafunika karata zake kwa kiganja. "Nimetosha."

Moyo wa Mama Pulchérie ukashuka mpaka kwenye viatu. Maana yeye peke yake chumbani alijua kwamba hilo ndilo jibu sahihi. Za kumi zimebaki nyingi. Atakayevuta ndiye atakayekufa. Na mwanamke yule alilijua vilevile. Kumbe naye hasahau karata! Kumbe mchana kutwa walikuwa wawili wanaohesabu.

Casimir akafunua: sita na kumi, kumi na sita. Mwenye kugawa akiwa na kumi na sita lazima avute. Akavuta. Kumi. Amekufa.

Wote wawili wakalipwa. Mama Pulchérie thelathini na sita. Cassilde hamsini na sita.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanahesabu tena kwa macho. Ndipo sauti ya Bona ikatoka nyuma ya kaunta, safari hii ina asali.

"Muwalimu, muambie mama pale. Kanuni ya pili tuliiondoa kwa mdomo, lakini kwa kibao iko ingali. Huyu hana karata ya mpiga kura. Mama aseme neno moja tu, kongelateri ni yake. Afazali ibakie kwa jamaa."

Wote wakamgeukia. Na usiniambie wewe usingetaka. Mama Pulchérie aliiona mikeke yake imelala imeganda, safu kwa safu. Aliwaona wanunuzi wanakuja mbio. Neno lilikuwa tayari juu ya ulimi, neno dogo tu, na mdomo ukafunguka.

Kisha akamwona Cassilde. Hakuwa anabisha. Hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anakusanya maharagwe yake, anayarudisha mfukoni harakaharaka, kama mtu aliyeondolewa kwenye foleni nyingi na anayejua inavyoishia. Hasira aliyoipata Mama Pulchérie pale hakuipata hata alipowekwa benchini.

"We!" akamfokea. "Unafunga mufuko ju ya nini? Umeshinda, njo unafunga mufuko?"

Cassilde akashtuka, haragwe moja likaanguka.

Na hapo Mama Pulchérie akafanya jambo ambalo bamama wa Lweba mpaka leo wanalisimulia wakiwa wameshika kifua. Akazunguka kaunta. Akasimama kati ya Bona na ukuta.

"Mukwe. Niangalie."

"Mama, hapana! Mama, nakuomba!" Bona akavuta shati kufunika uso, tumbo lote likabaki nje.

"Niangalie, nakuambia. Ile kanuni ya tatu uliniandikia mimi, nikavumilia. Hii ya pili unataka niiandike na mudomo yangu. Sitaki. Kamata kongelateri, wewe na Bertin. Mumupelekee."

Bona akashusha shati taratibu. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa, mkwe na mama mkwe wakatazamana machoni.

Akaikamata upande mmoja, Bertin upande wa pili. Cassilde akatangulia na panneau kichwani, bado haamini, anageuka nyuma kila hatua mbili. Walipofika mlangoni Bona akasimama, jasho linamtiririka, akasema bila kupitia kwa mtu yeyote:

"Mama, unajua hii kitu ilikuwa ya kwako?"

"Najua," Mama Pulchérie akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi, hakuyafuta. "Inaniuma mpaka kwa meno. Beba."