Dereva wa Kona Kali

Mimi si mwanamke wa wivu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mawifi zangu wana yao ya kusema.

Mume wangu anaendesha watalii. Asubuhi anawachukua hotelini, wanapanda milima iliyosimama juu ya bahari, wanapiga picha miamba na maporomoko, wanakula huko juu, jioni anawarudisha. Gari ni letu, la viti saba. Yeye anaendesha na kuwaeleza wageni habari za huko, mimi naosha. Kila jioni naingia na ndoo na kitambaa changu, na ukishaosha gari la mtu miaka yote hiyo, hana cha kukuficha.

Basi jioni moja nafuta vumbi, nikaona kioo cha ndani kimeinamishwa. Mume wangu ni mrefu, kichwa karibu kiguse paa. Kioo kile kiliwekwa na mtu mfupi. Nikapitisha mkono chini ya kiti cha dereva, nikatoa mto mdogo wa maua ndani ya mfuko wa nailoni. Nikaunusa. Dawa ya kuchua misuli! Nikasema, ama kweli kuna watu hawana haya, mtu anakuja kuiba mume wa mwenzie na huku kiuno kinamuuma.

Nikamfuata ndani. "Huu mto wa nani?"

"Wa mgeni."

"Mgeni anakalia kiti cha dereva?"

Akakohoa, akasema anaenda kuoga. Alikuwa ameoga tayari.

Tangu siku ile nilikosa raha. Chakula hakipiti, usingizi wa mang'amung'amu. Akicheka na simu, moyo paa! Nikianza kuuliza, anageuza maneno. Niliapa kimoyomoyo: nikimkuta na mtu, nafungasha virago vyangu siku hiyohiyo, na miaka yetu yote ife tu.

Asubuhi moja mgeni mmoja akaugua, kiti kikabaki wazi. Nikavaa viatu, nikakaa nyuma kabisa.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Kutalii. Au mimi sina macho ya kutazama bahari?"

Kijasho chembamba kikamtoka. Akawasha gari. Kwenye tambarare aliendesha polepole mno, kama amebeba mayai. Mimi namkodolea tu kisogo. Nikajisemea, leo ndiyo leo, utanijua.

Mlima ulipoanza, akaegesha penye kibanda cha chai. Hapo barabara inaingia kwenye kona kali, ukuta wa mawe kulia, kushoto ni korongo mpaka chini kwenye mawimbi. Akawaambia wageni, "Hapa jamani tunampokea dereva wetu maalumu wa kona." Wageni wakapiga makofi. Kumbe wanajua! Watu wote wanajua isipokuwa mimi, mpumbavu wa mwisho.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Nikaruka nje ya gari, ngumi nimekunja, matusi yote niliyoyaandaa yako ulimini.

Akatoka mama yangu mzazi.

Mama yangu, ambaye nyumba yake iko hapo nyuma ya kibanda. Aliendesha lori la mawe la machimbo mpaka alipostaafu, na sasa alikuwa amevaa glavu zake za zamani, mfupi vilevile, anachechemea kidogo. Aliponiona akasimama.

"Mama! Wewe?"

"Punguza sauti, kuna wageni," akasema. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mkwe wangu, mwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kumdanganya mwanangu."

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Jicho la kushoto limekufa," akasema. "Hospitali wamesema ni mshipa, halitarudi. Kwenye tambarare nageuza kichwa, najikaza. Huku juu siuoni ukingo. Nilimwangukia mama miguuni."

"Na mimi ukaniacha nife na wivu?"

"Nilijua unanishuku. Nikasema afadhali hivyo. Ukijua la jicho, utaninyang'anya funguo."

Ingekuwa ni mwanamke, ningemshika kanga tukaheshimiana. Jicho nitaligombeza vipi? Nilimtazama mume wangu, mwanamume mzima ameinamisha kichwa mbele ya mkwewe, nikamchukia, nikamhurumia, vyote kwa pamoja.

Nikanyoosha mkono. "Lete."

"Mke wangu..."

"Lete funguo."

Akanipa. Nikamkabidhi mama. "Leo unaendesha kwenda na kurudi, mpaka mlangoni kwetu. Huyu hashiki usukani tena." Mama akaitikia kwa kichwa, akaweka mto wake, akainamisha kioo.

Mume wangu akakaa nyuma, nami nikajibana kushoto kwake, upande wa dirisha. Gari likaingia kwenye kona. Kazi yake ilikuwa bado mdomoni, ikabidi aifanye. Akasafisha koo, akaanza kuwaeleza wageni kwa ile sauti yake ya kuchangamka, kila mwamba na habari zake, kila poromoko na jina lake, hakosei hata kimoja.

"Na sasa, kushoto kwenu," akasema, akinyoosha mkono mbele ya uso wangu, "ndipo panapopendeza kuliko pote."

Wageni wote wakageuka kutazama. Wakaniona nalia. Yeye peke yake hakuniona.